Kamati ya Kumpeleka Mama Bulati

Ndugu zangu hawawezi kwenda hata sokoni bila kuunda kamati. Nasema hivi kwa uchungu, maana tumetoka tumbo moja, na kila nikikumbuka tulivyopanga ile safari ya Bulati kinyaa kinanipanda kooni kama kiungulia. Walimu wenzangu wamezoea kuniona nikikunja uso mtu akitamka neno "mwenyekiti". Hawajui. Hawajawahi kukaa kikao na kaka yangu.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kabisa. Mama alitaka kwenda kumwona dada yake, na alitaka twende naye watoto wake wote watatu.

Mama amezaliwa kule juu, Bulati, kwenye nyanda za baridi nyuma ya kreta ya Ngorongoro, kwa wafugaji wa Kimaasai. Baba alikuwa Mwiraqw wa Mbulumbulu, mkulima wa ngano na maharage, na enzi za ujana wake alikuwa akipandisha mahindi kwa punda kwenda kubadilishana na mbuzi. Safari moja akarudi na punda, na mbuzi, na Mama. Babu alikasirika hasira ya kufa nayo, na kweli akafa nayo. Hakuteremka kuona alikoolewa binti yake, wala hakumruhusu mtu wa boma lake ateremke. Bibi naye akamfuata bila kutujua sura.

Kwa desturi ya kina Mama, mtoto haachwi akue hivi hivi. Mzee wa ukoo humtemea mate kidogo, kichwani au kiganjani, au humpulizia maziwa kutoka kinywani, huku akimnenea mema. Hiyo ndiyo baraka yenyewe, na anayeiona ni uchafu ana lake jambo. Sisi hakuna aliyetutemea. Tulibatizwa, tukachanjwa, tukasomeshwa, lakini kila mmoja wetu alipopata msukosuko, kaka alipoachishwa kazi yake ya kwanza, dada mimba zilipoharibika moja baada ya nyingine, Mama alikuwa akisema taratibu huku akichambua maharage, "Watoto wangu hawajatemewa mate." Tulimwambia amwombe Mungu. Alikuwa anamwomba, kila Jumapili, benchi la mbele, na bado alisema hivyo hivyo.

Kwenye ukoo wake amebaki mtu mmoja tu wa kuifanya kazi hiyo, dada yake, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa. Basi mwaka huo akatuma ujumbe kupitia kina mama wanaoteremka mnadani Karatu. Ujumbe ulikuwa mfupi. Macho yamezima, miguu imegoma, mlete watoto wako, maana sijui kama masika yatanikuta.

Mama anaishi na mimi Karatu tangu Baba alipofariki. Siku ile alirudi kutoka mnadani, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu, akaniambia, "Niitie wenzako. Nataka wote. Mmoja akikosekana, haina maana."

Nikawaita. Hilo ndilo kosa, kama kulikuwa na kosa. Nilimpigia kaka aliye Dar es Salaam, nikampigia dada aliye Arusha, nikawaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mama mkubwa anazeeka, anataka kutubariki, twendeni wiki hii au ijayo. Wote wawili walifurahi sana. Kaka alisema, "Aisee, hii kitu lazima iwe na mpangilio." Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Mama Arudi Nyumbani, lenye picha ya simba.

Simba! Mama amekua akiwachukia simba kuliko shetani, maana walikuwa wakila ndama wa baba yao. Niliandika hivyo kwenye kundi. Kaka akaniwekea kile kikatuni kinachocheka machozi.

Tangu hapo ikawa ni kamati. Kaka mwenyekiti, mkewe mweka hazina, dada kitengo cha mavazi, mumewe kitengo cha chakula na vinywaji. Mimi, kwa kuwa naishi mlangoni pa hifadhi, nilipewa kitengo cha vibali. Mama hakupewa kitu. Hakuwemo hata kwenye kundi, maana simu yake ni ya vitufe.

Wiki zikaenda. Sare ndiyo iliyotuchelewesha kwanza. Dada alitaka fulana nyeupe, wifi akasema nyeupe itashika vumbi, shemeji akataka rangi ya khaki ili tufanane na watu wa safari. Walibishana kwa sauti za kurekodi, ndefu, nyingine nikizisikiliza jikoni huku nasonga ugali. Zikachaguliwa za khaki. Halafu kaka akakosa likizo. Halafu wifi akawa na harusi, naye alikuwa kwenye kamati ya harusi hiyo pia. Kila tarehe ilipoahirishwa, Mama alikuwa akiniuliza asubuhi, "Wamesemaje?" nami najibu, "Wanajipanga, Mama." Akitoka nje hutazama mawingu upande wa juu, anarudi ndani.

Kazi yangu niliifanya. Niliuliza kwa wanaojua, nikawaandikia wenzangu kila kitu. Kwamba geti linafunguliwa asubuhi na jioni linafungwa, na ukikutwa ndani bila mpango una kesi ya kujibu. Kwamba kule ni hifadhi, watu na mifugo yao wanaishi pamoja na wanyama, hivyo muziki wa kupiga kelele hapana, kamera ya kurushwa angani hapana bila kibali chake, na taka unarudi nazo. Kwamba anayetaka kushuka kwa miguu kwenye Empakaai, kreta ndogo iliyo mbele ya Bulati, lazima asindikizwe na askari, kwa sababu nyati hawana adabu. Na kwamba baridi ya kule si ya Arusha. Niliandika nikasoma tena kama ninavyosahihisha insha. Kaka akajibu kwa dole gumba. Kisha akauliza kama pale ukingoni mwa Empakaai wanaruhusu kuchoma mbuzi.

Kikao cha mwisho tulifanya Karatu, kwenye bustani ya hoteli moja, maana wifi alisema kwangu kuna inzi. Walifika wote, wameshavaa fulana mpya kuzijaribu. Kaka akafungua kikao kwa sala, akasoma ajenda. Sare. Chakula. Picha na video. Usafiri. Ratiba. Nilisubiri nisikie jina la mama mkubwa. Nilisubiri hadi kuku wakaisha na mifupa ikakusanywa. Dada yake Mama, mtu ambaye kwa ajili yake tulikuwa tunasafiri, alikuwa chini ya Mengineyo.

"Boma tutapitia kama muda utaruhusu," kaka alisema, akifuta vidole.

Na chini ya Usafiri mambo yalikuwa mabaya zaidi. Gari lililokodiwa lilikuwa moja, la watalii, lile la kufunguka paa. Ndani waketi kaka, wifi, dada, shemeji, mimi, na rafiki wa kaka kutoka Dar ambaye kazi yake ni kupiga picha. Na kreti za soda, na boksi la barafu, na spika. Dereva ana kiti chake. Nikahesabu viti kwa macho, nikahesabu tena.

"Mama anakaa wapi?" nikauliza.

Dada akaanza kuchezea kucha. Wifi ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake laini kama ya muuguzi kwa mgonjwa, "Wifi, tulilijadili hilo kwa upendo. Kule juu baridi, na Mama kifua chake unakijua. Tumeona abaki apumzike. Tutampigia kwa video akiwa palepale sebuleni, ataona kila kitu."

Ng'ombe haelemewi na nunduye, wahenga walisema, lakini hawakuwajua hawa. Watu wamechapisha uso wa Mama mgongoni mwa fulana zao, na Mama mwenyewe hana pa kukaa. Nikasimama. Nilisema mengi, na mengine siyarudii hapa kwa kuwa mimi ni mwalimu, lakini lililowagusa ni moja tu. Niliwauliza, "Boma la mama mkubwa nani kati yenu analijua? Na mkifika, mtaongea lugha gani?"

Hawakuwa wamelifikiria. Nyumbani tuliongea Kiiraqw na Kiswahili. Kimaasai mimi ninakisikia kidogo kwa kufuatana na Mama mnadani, wao hata salamu hawajui. Kaka akakuna kidevu, akamnong'oneza mkewe, kisha akatangaza kwamba kamati imeridhia Mama aongezwe kama mwonesha njia. Mpiga picha atakaa juu ya boksi la barafu. Waliandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, mwonesha njia.

Walilala kwangu siku ya kuamkia safari. Mama alikuwa ameshajiandaa muda mrefu. Alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, kile cha shanga, na siku kadhaa alikuwa akikitayarisha kama walivyomfundisha kwao. Unachoma kijiti cha mzeituni wa porini, unakisugua ndani ya kibuyu kikiwa na moto, unapangusa majivu kwa brashi ya mkia wa ng'ombe, unafunika. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni, ng'o. Maziwa yakikaa humo yanapata harufu ya moshi ambayo mtu wa kwao akiinusa tu anajua yametoka mkono wa nani. Binti aliyeolewa mbali hawezi kurudi kwao bila maziwa.

Alasiri hiyo nilitoka kununua sukari na majani ya chai ya kupeleka. Niliporudi, kibuyu kilikuwa juani juu ya kichanja cha vyombo, kinachuruzika povu. Kilinuka sabuni ya unga ile ya maua, na chini yake jiki. Wifi alikuwa pembeni amekunja mikono ya gauni, uso unang'aa kwa wema.

"Kilikuwa kinanuka moshi jamani," akasema. "Nimemsaidia Mama, nimekiloweka kabisa."

Nilifungua mdomo. Mama akanishika mkono. Alikuwa ametoka chumbani, amekwishaona. Akakichukua kibuyu, akakipeleka puani, akakirudisha kichanjani taratibu.

"Asante, mwanangu," akamwambia wifi.

Nilimfuata ndani, nikamwuliza anawezaje kusema asante. Akaniambia mkwe hagombezwi ugenini. Kisha akakaa kitandani, akakunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Nitaingia kwa dada yangu mikono mitupu," akasema. Sukari na majani nilivyonunua aliviona pale mezani, akanipa pole kwa kuvibeba.

Tuliondoka asubuhi na ukungu. Getini mambo yalikwenda vizuri, vibali vyangu havikuwa na dosari, na askari wa pale walimwamkia Mama kwa Kimaasai, naye akajibu kwa sauti nisiyoijua, ya binti. Tukapanda msituni. Mama alikuwa nyuma kabisa, amebanwa kati yangu na kreti za soda, pua kwenye kioo. Wenzetu walikuwa wanaimba. Ukingoni, pale watu wote wanaposimama kutazama kreta, kulikuwa na ukungu mzito, hukuona hata nyasi za miguuni. Walishuka wakapiga picha na ukungu. Kaka alinyoosha mkono kuonesha kitu kisichoonekana, mpiga picha akamwambia arudie, akarudia. Mara tatu nne alionesha patupu kwa uso wa mtu aliyeguswa sana. Nilibaki garini na Mama. Kama si yeye ningeteremka kwa miguu hadi Karatu.

Baada ya kijiji cha Nainokanoka ukungu ukaachia. Nyasi zilikuwa fupi na kijani, ng'ombe na pundamilia wakila pamoja, moshi ukitoka kwenye maboma. Mama akaanza kutaja vitu kwa lugha yake. Kilima, mto, mti. Alikuwa haongei na mimi. Tulipoingia Bulati akapiga kioo kwa kiganja. "Hapa! Ile njia ya kulia, hapa!"

Dereva akapunguza mwendo. Kaka, aliyekaa mbele na karatasi ya ratiba, akasema bila kugeuka, "Tutapitia tukirudi, Mama. Sasa hivi ni Empakaai, mwanga wa picha unapotea."

Nikamwambia dereva asimamishe gari. Alinitazama kwenye kioo kwa huruma, akasema yeye anamsikiliza aliyemkodi, tusimletee matatizo. Gari likapita. Mama aliendelea kuiangalia ile njia hadi shingo ikafika mwisho, kisha akageuka mbele, mikono mapajani. Hakulia. Ningependelea alie. Dada alikuwa kiti cha mbele yetu, nina hakika alisikia, akaweka vile vitu vya masikioni.

Empakaai ni pazuri. Nalisema hilo kwa shida. Ziwa chini kabisa kwenye shimo la mlima, msitu umelizunguka, ndege wekundu pembeni wamejipanga kama ushanga, na mbali mlima wa Ol Doinyo Lengai umekaa peke yake. Mahali pa kunyamaza. Wetu wakawasha spika. Shemeji akafungua makontena ya pilau na mapaja ya kuku, wakala wamesimama kwa baridi, wakitupa mifupa vichakani eti wanyama watakula. Niliiokota ile niliyoiona, vidole vikinuka mafuta yao. Wifi akavaa shuka nyekundu ya kukodi na mkufu wa shanga, akapigwa picha ameshika fimbo kama morani, wakati mwanamke wa kwao hashiki hiyo. Kushuka ziwani hakuna aliyetaka, maana viatu vilikuwa vipya. Mama alikaa ndani ya gari na sahani ya pilau ambayo hakuigusa. Alikuwa anaangalia jua.

Ni dereva aliyetuokoa. Ulipofika wakati akasema geti halimsubiri mtu, aliye na jambo Bulati aseme sasa. Kaka akatazama ratiba, akapiga miayo, akasema basi tupitie, dakika chache.

Boma lilikuwa mwisho wa ile njia ya kulia. Watu wachache walitoka, wakasimama mbali kidogo na fulana zetu. Mama aliteremka kabla gari halijasimama vizuri. Kifua chake hicho wanachokijua hakikumsumbua hata kidogo. Akapita kwenye samadi, akaingia uani, na pale kwenye ngozi, mbele ya nyumba, alikuwa ameketi mwanamke mwembamba, kichwa kimenyolewa, macho meupe.

"Takwenya," Mama akaita, kama wanawake wanavyoamkiana.

Yule mwanamke aligeuza uso kuelekea sauti. "Iko," akaitikia kwa lugha yao. Mama yangu, bibi wa watu, mwenye wajukuu wanaokwenda chuo, akapiga magoti kwenye vumbi na kuinamisha kichwa mbele ya dada yake, kama mtoto mdogo anavyowaamkia wakubwa kule. Mama mkubwa akaweka kiganja juu ya utosi, hakukiondoa. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa nalia bila aibu. Nyuma yangu nilimsikia mpiga picha akimwomba Mama ageuze uso kidogo upande wa mwanga.

Baada ya hapo walituita. Wifi alikuja amekaza khanga puani kwa sababu ya harufu ya ng'ombe. Tukapangwa tumekaa chini, kaka, dada, mimi, na hao wawili walioolewa na kuoa kwetu. Mama mkubwa akatupapasa nyuso mmoja mmoja. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Kwa kaka alikawia. Akamshika pua, akacheka, akamwambia Mama kitu. Nilielewa. Alisema hii ni pua ya baba yetu, sasa imerudi yenyewe nyumbani. Mama akatafsiri. Kaka akasema "wow", na mkono wake wa kulia ulikuwa umeinua simu, anajirekodi.

Msichana wa pale akaleta maziwa na fungu la majani mabichi. Mama hakuwa na chake cha kutoa, akaangalia chini. Mama mkubwa akalishika lile fungu la majani, akapiga funda, na kwa nguvu ambayo hukudhani anayo akatupulizia, maziwa na mate yake, usoni, kifuani, kichwani. Ananena, tunapuliziwa, ananena tena. Mpate watoto. Mpate ng'ombe. Mkae muda mrefu mpaka mchoke kukaa. Mnukie vizuri. Kila aliposema, Mama na watu wa boma waliitikia "Naai", ndiyo amina yao, nami nikaitikia. Alipofika kwa dada alikawia kuliko kwa wengine. Nadhani Mama alikuwa amemweleza. Akapiga funda mara mbili, akampulizia tumboni, akaweka kiganja pale, akasema maneno ambayo sikuyafahamu, polepole sana.

Ilipokwisha, nikasikia ule mlio. Krrr, krrr. Wifi alikuwa amefungua pakiti ya vile vitambaa laini vya unyevu vya kupangusia watoto. Akajifuta paji la uso, mashavu, shingo, kwa haraka, huku amefumba mdomo kama mtu aliyemwagikiwa maji ya mtaro. Akampa kaka. Kaka akajifuta pua. Shemeji naye. Na dada, dada yangu wa tumbo moja, akachukua kitambaa, akafuta fulana pale tumboni, akakifanya kidonge, akakiangusha majanini. Harufu ya manukato ya duka ikazagaa uani. Mimi nilikuwa natota usoni na upepo wa kule unakausha taratibu, na nilitaka kuwapiga. Nasema kweli. Nilitaka kumpiga kofi mtu mzima mbele ya watu.

Watu wa boma waliona. Waliangalia pembeni, kama sisi tunavyoangalia pembeni mlevi akijikojolea. Ni mama mkubwa peke yake ambaye hakuona. Alikuwa amekaa na majani mkononi, kidevu kina maziwa, anahema kwa uchovu. Akauliza kwa Kimaasai, "Wamepokea?"

Mama alikuwa anatutazama. Aliwapita mmoja mmoja kwa macho, na vitambaa vile vyeupe mikononi mwao.

"Wamepokea," akasema. "Wote."

"Basi," mama mkubwa akasema, akaegemea ukuta wa nyumba yake. "Nilikuwa naliogopa hilo tu."

Dereva akapiga honi. Wenzangu wakainuka wakijikung'uta, kaka akitangaza picha ya pamoja. Mama hakwenda kwenye picha. Aliinama. Akaanza kuokota vile vitambaa, kimoja kimoja, kwenye nyasi na kwenye samadi, cha wifi, cha shemeji, akamwendea kaka akakitoa mkononi mwake, kile cha dada akakitafuta kwa muda kwa kuwa kilikuwa kimeviringika chini ya jiwe. Akaviweka kwenye ncha ya khanga yake, akaifunga fundo.

"Mama, achana na uchafu huo," kaka akasema. "Getini kuna pipa, tutatupa."

"Hivi ni vyenu," Mama akamjibu kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti. "Siku mkivihitaji, mtavikuta kwangu."

Akapanda gari, akafunga mlango mwenyewe.